Kugawa Mzinga wa Nyuki Bila Kumtafuta Malkia: Mwongozo Kamili kwa Mizinga ya Viunzi vya Juu

Manzuki nyingi za Singida, Dodoma na Tabora zina mizinga mitupu ambayo mwenyewe ameipaka nta, ameitundika mtini na sasa anasubiri kundi lipite liingie. Huenda likaingia mwezi huu, huenda mwakani. Wakati anasubiri, palepale pana mzinga mmoja uliofurika hadi nyuki wanalala nje ya mlango. Wiki chache zijazo utajigawa wenyewe: malkia mzee ataondoka na sehemu kubwa ya nyuki kwenda kwenye pango, kichuguu au dari ya shule, na mfugaji atabaki kuwasindikiza kwa macho.

Kugawa mzinga ni kuwawahi. Unafanya kwa mkono wako kile ambacho wangekifanya wenyewe, ila kundi la pili linabaki kwako.

Kinachowatisha wengi ni malkia. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nyuki wa Ulaya huanza na amri ya kumtafuta. Kwa nyuki wetu wa nyika, Apis mellifera scutellata, huko ni kujitafutia balaa: ukishafungua mzinga wanakimbia juu ya sega, wanajirundika kwenye kona za chini, na malkia anakimbia nao. Kadiri unavyokaa ukimtafuta ndivyo hasira inavyopanda, na bado humwoni. Mwongozo huu unamwacha alipo. Unatakiwa kujua mambo mawili tu: mayai yako kwenye masega yapi, na leo ni siku ya ngapi tangu ugawe.

Na wala usiogope kwamba nyuki hawa hawataweza. Mwaka 1956 malkia wa Kiafrika, wengi wao kutoka Afrika Kusini, walipelekwa Brazil kwa ajili ya utafiti. Mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka karibu na Rio Claro, jimbo la São Paulo. Kufikia 1990 wazao wao walikuwa wameshavuka kuingia Texas. Hakuna aliyewagawia mizinga njiani.

Siku za kukariri

Yai la nyuki hukaa siku 3 kabla ya kuanguliwa. Buu la kike likiwa bado changa kabisa linaweza kuwa kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, au malkia. Tofauti iko kwenye malezi. Likilishwa maziwa ya nyuki kwa wingi mpaka mwisho, ndani ya chumba kikubwa kinachoelekea chini, linakuwa malkia. Likipunguziwa maziwa na kuchanganyiwa asali na chavua, linakuwa kibarua. Ndiyo maana kundi lililopoteza malkia halifi papo hapo. Lina muda wa kujitengenezea mwingine, mradi liwe na mayai au mabuu yasiyozidi umri wa siku moja na nusu hivi. Buu la siku 4 halifai tena kwa kazi hiyo.

Malkia huchukua siku 15 au 16 tangu yai kutagwa hadi kutoka chumbani. Kibarua wa nyuki wetu huchukua kama siku 19 au 20, pungufu kidogo ya wale wa Ulaya wanaotumia 21. Dume huchukua 24. Malkia mpya akitoka haanzi kutaga siku hiyo: anakomaa kwa siku kadhaa, anaruka nje kupandwa na madume wengi angani, kisha anarudi na kuanza kutaga baada ya siku mbili tatu.

Jumlisha hayo yote utaona kwamba upande usio na malkia utakaa karibu wiki nne bila yai jipya, na kibarua wa kwanza aliyezaliwa na malkia mpya ataonekana wiki ya saba. Muda huo wote nyuki wa zamani wanazeeka na kufa. Kwa hiyo kundi litapungua kwanza ndipo liongezeke. Anayeona limepungua wiki ya tano akadhani limemshinda, huyo hakuhesabu.

Mzinga upi, na msimu upi

Gawa mzinga wenye nguvu peke yake. Mzinga dhaifu ukiugawa unapata mizinga miwili ya kufa. Katika mzinga wa viunzi vya juu, ule wenye vijiti vya mbao vilivyopangwa juu ambavyo nyuki huning'inizia masega, na ambao wengi huuita KTBH (wa Kenya) au TTBH (wa Tanzania), nguvu hupimwa hivi: masega 16 au zaidi yamefunikwa na nyuki pande zote mbili, na kati ya hayo angalau 7 au 8 yana majana, yaani mayai, mabuu na watoto waliofunikwa. Ukifungua mwisho wa mzinga ukakuta viunzi vitupu vingi, funga, rudi baada ya mwezi.

Alama ya pili ni madume. Angalia masega: vyumba vya madume ni vikubwa na vifuniko vyake vimevimba. Kundi lenye nyuki wengi lakini halina dume hata mmoja linakwambia kwamba msimu haujafika, na malkia wako mpya atatoka nje asikute wa kumpanda. Nyuki wa jirani wakiwa hawana madume pia, malkia huyo atabaki akitaga mayai yasiyorutubishwa, ambayo hutoa madume matupu.

Alama ya tatu ni chavua. Kaa pembeni ya mlango asubuhi saa mbili hivi. Nyuki wengi wakiingia na mizigo ya njano, ya chungwa au myeupe miguuni, kuna chakula cha kulea watoto.

Kwa ukanda wa kati wenye msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, ningeulenga mwezi Januari: mvua zimeshika, mimea imeanza kutoa chavua, na alizeti itakapochanua baadaye kundi jipya litakuwa limesimama. Kwenye miombo ya Tabora na Katavi hesabu ni nyingine, kwa sababu mti wa mtundu huchanua kabla ya mvua na mti wa muba huchanua mvua zikielekea mwisho. Kule kwenye mvua za vuli na masika, kama Kilimanjaro au nyanda za kati za Kenya, una nafasi mbili kwa mwaka. Usinakili mwezi wa mtu. Tazama madume na chavua za kwako, kisha rudi nyuma wiki saba au nane kutoka kwenye kipindi cha maua mengi zaidi ya eneo lako. Ukigawa maua yakiwa yamekwisha kufika, sawa, mzinga utapona, lakini asali ya msimu huo ihesabu kuwa ya nyuki wenyewe.

Katikati ya kiangazi usiguse. Nyuki wetu hawavumilii njaa kama wale wa nchi za baridi. Wakikosa chakula, kivuli au maji wanabeba walichonacho na kuhama. Ukiwapunguzia nguvu wakati huo umewapa sababu nyingine ya kuondoka.

Mzinga mpya utakaa wapi

Amua hili kabla ya kugusa kifuniko, maana nyuki waliokwisha kuzoea kuruka nje hukumbuka mahali, hawakumbuki sanduku. Ukihamisha nusu ya masega kwenda mti wa pili, kesho yake wale watafutaji wote watarudi pale pa zamani na mzinga mpya utabaki na nyuki wachanga peke yao.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ninayoipendelea, ni kuupeleka mzinga mpya kilomita 3 au zaidi kutoka hapo. Umbali huo unatosha kuwafanya wajifunze mazingira upya. Kama una ndugu au mkulima wa alizeti unayeelewana naye kijiji cha pili, umemaliza.

Njia ya pili ni ya wasio na pa kupeleka. Toa mzinga wa zamani mahali pake, uusogeze nusu hatua kushoto. Mzinga mpya uuweke nusu hatua kulia, milango ikiangalia upande uleule. Watafutaji wakirudi hawakuti mlango pale walipozoea, basi wanagawana: wengine huku, wengine kule. Kesho yake tazama. Upande mmoja ukipokea nyuki wengi mno, sogeza ule mwingine karibu zaidi na pale pa zamani. Njia hii inaendana vizuri na kutomjua malkia yuko wapi, kwa sababu huhitaji kuamua nani apewe watafutaji. Ubaya wake ni kwamba unakuwa na makundi mawili makali yaliyokaribiana, na ukifungua moja la pili nalo linaamka. Baadaye ukitaka kuyatenganisha, sogeza mzinga chini ya mita moja kila siku, au upeleke mbali kwa mwezi mzima ndipo uurudishe unapotaka.

Kote uendako, hakikisha mzinga uko mbali na nyumba, njia za watu na mazizi. Mita 200 au 300 ni kiasi cha kuanzia. Kuwe na kivuli cha mchana, maji yasiwe mbali, na mzinga uning'inizwe kwa waya usawa ambao nyegere haufikii. Waya upakwe grisi kuzuia siafu. Kundi lililogawanywa juzi halina walinzi wa kutosha kupambana na siafu hata usiku mmoja. Kama eneo ni msitu wa hifadhi, ongea kwanza na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) au afisa nyuki wa wilaya.

Vifaa

Bomba la moshi na kuni zake za kutosha: mavi ya ng'ombe makavu, magunzi au maranda ya mbao. Usichome plastiki wala kitambaa chenye mafuta ya taa. Ovaroli nyeupe au ya rangi hafifu, kofia yenye wavu, glavu, gambuti, na suruali iingie ndani ya gambuti. Kisu kirefu chembamba. Patasi ya kubandulia viunzi. Bawa la kuku au tawi laini la kufagilia nyuki. Chaki au kalamu ya wino mzito.

Mzinga mpya uwe umekamilika: mfuniko haupitishi maji, viunzi vyote vipo, mlango unaweza kupunguzwa, na kuna ubao wa kugawia ndani, ule unaozuia nafasi isiyotumika. Pima viunzi mapema. Upana wa kiunzi kwa nyuki wetu ni milimita 32, na urefu wake lazima ulingane kati ya mizinga yote miwili. Mafundi seremala hutofautiana, na si vizuri kugundua kwamba kiunzi ni kirefu kwa sentimita mbili huku umeshika sega la majana mkononi na giza linaingia.

Uwe na mwenzako. Mmoja anafungua, mwingine anashika moshi na kupokea.

Jioni ya kazi

Anza saa kumi na nusu jioni. Jua limepungua lakini bado utaona mayai, na kufikia saa moja giza litawatuliza nyuki badala ya kukuacha nao mchana kutwa. Mbuzi na ng'ombe waondolewe kabisa, majirani wajulishwe, watoto wasiwepo.

1. Puliza moshi mlangoni mara chache, subiri kama dakika tatu. Rudia. Usikurupuke kufungua; moshi hufunika harufu ya tahadhari na huwafanya wakimbilie kula asali, na hayo yanahitaji muda.

2. Fungua kuanzia upande usio na mlango, ambako huwa kuna asali au viunzi vitupu. Toa viunzi vitupu vya mwisho upate nafasi ya kufanyia kazi. Usifungue mzinga wote kwa mpigo: uzuri wa viunzi vya juu ni kwamba vimeshikana na kuwa paa, nyuki wa chini yake hawajui kinachoendelea.

3. Kabla ya kuvuta kiunzi, pitisha kisu pembeni ya sega ulikate lilipogandia kwenye ukuta. Kata kutoka chini kwenda juu. Ukikata kutoka juu kwenda chini unalivuta sega likatike kwenye kiunzi. Mzinga wa Tanzania wenye kuta zilizonyooka hugandisha zaidi kuliko ule wa Kenya wenye kuta za mteremko, kwa hiyo usiwe na haraka.

4. Inua kiunzi wima na ukishike hivyohivyo. Sega la mzinga huu halina fremu. Ukililaza kutazama, hasa likiwa jipya na jeupe, linakatika na kuanguka na watoto wote. Kutazama upande wa pili, zungusha kiunzi kikiwa wima.

5. Soma kila sega. Mayai ni vijipunje vyeupe vyembamba, kimoja kila tundu, kwenye sakafu ya chumba. Geuza mgongo kwa jua mwanga uingie ndani ya matundu. Usipoyaona mayai lakini ukaona mabuu madogo mno yanayoelea kwenye maziwa, inatosha, ni ya siku hizihizi. Andika kwa chaki juu ya kiunzi: Y kwa mayai, M kwa majana yaliyofunikwa, C kwa chavua, A kwa asali.

6. Sasa gawa. Kwa mzinga wenye masega 16 hadi 18, peleka masega 8 kwenye mzinga mpya: 2 yenye mayai na mabuu machanga, 2 yenye majana yaliyofunikwa, 1 au 2 yenye chavua, na yaliyobaki ya asali. Mzinga wa zamani nao lazima ubaki na angalau masega 2 yenye mayai. Hili ndilo linalokuondolea shida ya malkia: popote atakapokuwa, upande wa pili una mali ghafi ya kutengeneza mwingine.

7. Yapange kwenye mzinga mpya kama yalivyokuwa: majana karibu na mlango, chavua ikifuatia, asali nyuma. Usichomeke kiunzi kitupu katikati ya majana, utayatenganisha na usiku yatapata baridi. Viunzi vitupu viwili viweke mwisho, kisha ubao wa kugawia. Kundi dogo kwenye nafasi kubwa haliwezi kuilinda.

8. Masega yahame na nyuki wake wote. Halafu chukua masega mengine mawili ya majana kutoka mzinga wa zamani, yakung'ute juu ya mzinga mpya ili kuongeza nyuki, na uyarudishe. Wanaoshikamana na majana wengi wao ni walezi wachanga ambao bado hawajaruka, hawatarudi walikotoka. Ukiwa unatumia njia ya kuweka mizinga bega kwa bega, hatua hii si lazima.

9. Funga yote miwili. Punguza milango ibaki matundu mawili au matatu ya kupita nyuki, yenye kimo cha milimita 8 hivi.

Ukiumwa, kwangua mwiba kwa ukucha au patasi mara moja, kisha puliza moshi palepale ulipoumwa. Mwiba huacha harufu ya ndizi mbivu ambayo kwa nyuki wenzake ni tangazo la vita. Mtu akivimba uso, akibanwa pumzi, akitapika au kuzimia baada ya kuumwa, kazi imekwisha: anakimbizwa hospitali, hasubiri kuona kama atapata nafuu.

Kama mzinga mpya unasafiri, usafiri usiku huohuo au kabla ya alfajiri. Ziba mlango kwa wavu wa waya hewa ipite; matope yanawaua kwa joto. Kwenye gari au mkokoteni, ncha za viunzi zielekee mbele na nyuma ya chombo, ili breki zisiyumbishe masega kwa ubapa.

Chakula

Kundi lililogawanywa lina watoto wengi na watafutaji wachache. Asali ya masega mawili matatu ni akiba nzuri, lakini ikinyesha wiki nzima wasitoke, wanaweza kuimaliza. Yeyusha kilo 1 ya sukari katika lita 1 ya maji ya moto, ipoe, weka kwenye chombo chenye vijiti au nyasi za kuelea juu ili wasizame, na ukiweke ndani nyuma ya ubao wa kugawia, ukiacha upenyo wa nyuki kupita chini yake. Weka jioni. Usimwage hata tone nje, na usiweke kamwe sukari wazi kwenye manzuki: mizinga yenye nguvu itaifuata hadi ndani ya ile dhaifu na kuipora. Ukiona nyuki wanapigana mlangoni na wengine wanachungulia kwenye nyufa za mfuniko, uporaji umeanza. Ziba nyufa, acha tundu moja tu, simamisha kulisha kwa siku kadhaa.

Maua yakianza kwa wingi, acha sukari. Hutaki iingie kwenye asali utakayouza.

Kalenda baada ya kugawa

Siku ya kugawa iite siku ya 0 na uiandike kwenye mzinga wenyewe, usitegemee kichwa.

*Siku ya 4 au ya 5, jioni.* Hapa ndipo unapojua malkia yuko wapi. Mayai yote yaliyokuwepo siku ya 0 yameshaanguliwa, kwa hiyo upande utakaokuta mayai ndio wenye malkia. Upande mwingine utakuta vyumba vya malkia vimeanza kwenye uso wa sega: vikubwa, vinaning'inia kuelekea chini, na vikikamilika vinafanana na karanga ambayo haijamenywa. Ukiviona vitatu au vinne, funga mara moja. Masega yenye vyumba hivyo usiyakung'ute wala kuyageuza.

Usipoona vyumba wala mayai, angalia tena masega yote. Ikiwa ni kweli hakuna, chukua sega moja la mayai kutoka upande wenye malkia, fagia nyuki wake, lipachike katikati ya majana. Hesabu inaanza upya siku hiyo.

*Siku ya 11 hadi ya 13.* Malkia wa kwanza anatoka na kuwaua wenzake ambao bado wamo vyumbani. Wewe hupo.

*Siku ya 10 hadi ya 25.* Usifungue. Kosa hili naliona kila msimu, na linasababishwa na hamu tu. Malkia bikira ni mwepesi, ana wasiwasi, anaruka kirahisi. Mzinga ukisumbuliwa, nyuki wenyewe wanaweza kumzingira na kumuua. Tena akirudi kutoka kupandwa akakuta mfuniko uko wazi na moshi umetanda, anaweza kuingia mzinga wa jirani, na huko anauawa. Kama mizinga imekaribiana, tia kila mlango alama tofauti, rangi au umbo, ili apajue kwake.

Muda huo soma mlango. Chavua ikiendelea kuingia kwa utulivu, mambo yako sawa.

*Siku ya 26 hadi ya 28.* Fungua jioni utafute mayai. Yai moja moja, katikati ya sakafu ya chumba, yamefuatana kwa mpangilio: malkia amekubali kazi. Funga. Baada ya siku 10 hivi rudi utazame vifuniko vya majana. Vikiwa bapa na vimeshikamana, ni vibarua, na malkia alipandwa vizuri. Sogeza ubao wa kugawia uongeze viunzi viwili.

Upande wenye malkia wa zamani hauna drama. Uongezee viunzi vitupu mwisho wa majana kadiri unavyojaza, maana ukibanwa utataka kugawanyika tena msimu huohuo.

Ukikuta tayari wana vyumba vya malkia

Wakati mwingine unafungua ugawe, unakuta vyumba vya malkia kwenye kingo za chini za masega. Hao walikuwa wameshaamua. Ni bahati, kwa sababu umepewa siku kadhaa bure, lakini malkia mzee yuko mbioni kuondoka, au ameshaondoka kama vyumba vimefunikwa.

Gawa jioni hiyohiyo. Ikiwa vipo vilivyofunikwa, kila upande upate sega lenye chumba kimoja au viwili vizuri, virefu, vyenye uso wenye vitundutundu. Vingine vikate. Ukiacha vyumba kumi, malkia wa kwanza akitoka anaweza kuondoka na kundi dogo, wa pili naye vilevile, na utabaki na kiganja cha nyuki. Kukata vyumba huku mayai hayapo ni hatari, kwa hiyo hesabu mara mbili kabla ya kisu kugusa.

Yanapoharibika

Siku ya 30 imepita na hakuna yai. Usikate tamaa siku hiyo. Mvua mfululizo huchelewesha malkia kutoka. Tia sega moja lenye mayai na mabuu machanga kutoka mzinga mwingine. Hicho ni kipimo. Baada ya siku 4, wakiwa wamejenga vyumba vya malkia juu yake, hawana malkia na wanaanza upya. Wasipojenga, kuna malkia humo, mpe wiki moja. Sega hilo lina faida nyingine: nyuki hawapendi kutelekeza watoto wachanga, hivyo linapunguza hamu ya kuhama.

Kukuta mayai mawili, matatu hadi matano ndani ya tundu moja, mengine yamebandikwa ukutani, na vifuniko vilivyovimba vimetawanyika kwenye vyumba vya vibarua, maana yake vibarua wenyewe wameanza kutaga. Mayai yao hutoa madume peke yake. Kundi la namna hiyo halikubali malkia kirahisi, na sega moja la mayai mara nyingi halitoshi. Wengine huwapa sega jipya la majana kila wiki kwa wiki tatu au nne. Inawezekana, lakini unaukamua mzinga mzima kwa ajili ya mgonjwa. Mimi ningewakung'uta kwenye nyasi, mita ishirini kutoka mizinga mingine, niondoe sanduku, na kuwaacha waombe hifadhi kwa majirani.

Kundi lisilo na malkia lakini ambalo bado halijaanza kutaga lina thamani zaidi: liunganishe na upande wenye malkia. Jioni, pachika karatasi ya gazeti kwenye mzinga wenye malkia mwisho wa masega yake, izibe upana na kimo chote kama ukuta, na uichane nyufa mbili tatu ndogo kwa ncha ya kisu. Hamishia masega ya kundi lisilo na malkia upande wa pili wa gazeti, na nyuki wake wote, kisha funika. Watalitafuna taratibu kwa siku moja mbili na harufu zao zitakuwa zimechanganyika kabla hawajakutana wote. Ukiona vipande vya karatasi vimetupwa chini ya mlango na hakuna mizoga mingi, wamekubaliana. Subiri wiki, ondoa mabaki ya gazeti, panga masega ya majana pamoja. Sanduku lililobaki tupu likwangue, lipake nta upya na ulitundike kama mtego, mlango umepunguzwa, kabla nondo wa nta hajaingia.